Kitunga cha Kwanza cha Vinkubala

Mwaka ule tulikula bukari, ugali wetu, na vinkubala, wale viwavi wa mitini, asubuhi, mchana na jioni, hata mbwa wakanenepa. Tarehe msiniulize. Tulikaa nje ya Élisabethville, kwenye shamba la Mzungu. Ardhi yake, miti yake, na vinkubala navyo, alisema, vyake. Kila aliyeokota alimpelekea nusu. Aliyebisha alifukuzwa pamoja na watoto wake.

Mimi nilikuwa mdogo, lakini kupanda mti niliwashinda wavulana wote. Wanawake hukamua vinkubala palepale chini ya mti, utumbo utoke. Ila kitunga cha kwanza cha msichana hakiguswi na mtu: kinaenda kwa bibi yake vinkubala vikiwa hai, yeye ndiye anakamua na kumpaka msichana ule ukijani wa utumbo mikononi. Kambo yangu, mama ya mama, meno mawili tu, alikuwa ameshawasha moto.

Siku hiyo nikajaza kitunga changu cha kwanza, na njiani nikakutana na Bwana, yule Mzungu mwenyewe.

"Weye mutoto, leta kitunga!"

"Hapana, Bwana. Hii iko ya kambo."

Akaninyang'anya chote. "Kesho baba yako anatoka hapa!" Akakiweka mezani, ndani ya nyumba yake, akaenda kulala usingizi wa mchana.

Nikalia mpaka kwa kambo.

"Ulikamua?"

"Hapana, kambo."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akacheka hadi akashika mbavu. "Basi tukae, mutoto yangu."

Jua halijashuka, tukamsikia Madame, mke wa Bwana, akipiga mayowe, tukakimbilia kwao. Alikuwa amesimama juu ya kiti, sketi ameikunja. Vinkubala kwenye pazia, kitandani, kimoja kwenye masharubu ya Bwana. Watumishi, waliokula vinkubala tangu kuachishwa ziwa, walisimama mlangoni mikono nyuma.

"Kitunga ya kwanza ya binti, Bwana. Sisi hatugusake."

Ikabidi niitwe mimi. Nikasimama kizingitini.

"Baba yangu atatoka kesho?"

"Atabaki! Toa hivi vidudu!"

"Atabaki, Madame?"

"Atabaki, atabaki!" akalia Madame.

Ndipo nikaokota, polepole kama bibi harusi, hata kile cha masharubu. Kitunga kikajaa. Nafika mlangoni, Bwana, roho ya kuzoea, akanyoosha mkono: "Na nusu yangu?"

Watumishi wakanitazama. Nikakipandisha kitunga kichwani.

"Hapana, Bwana. Hii iko ya kambo."