Filamu Isiyotaka Mfasiri

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Habari wa wilaya alinipa kipaza sauti kabla hajanionyesha mahali pa kukaa. Ofisi ilikuwa Arua mjini, chumba kimoja kilichonuka petroli, kwa kuwa jenereta ya gari la sinema ililala humo humo.

"Drati, unajua Kilugbara, unajua Kiswahili, unajua Kiingereza," alisema. "Kazi yako ni kuongea. Filamu ikianza, unaongea. Ikiisha, unanyamaza."

Ninyi mliozaliwa na simu mkononi hamkuiona kazi ya mfasiri wa sinema. Gari la serikali lilizunguka vijijini na projekta, mashine ile ya kutupa picha, pamoja na riili, yale magurudumu ya bati yanayozungushiwa filamu. Giza likiingia tulitandaza shuka jeupe kati ya nguzo mbili, nami nikasimama kando yake nikieleza kila kinachoonekana. Filamu nyingi zilikuwa za kufundisha: kuchimba choo, kuchemsha maji, kukausha tumbaku. Watu walizivumilia kwa adabu.

Projekta ilikuwa mikononi mwa Ramadhani, Mnubi wa Koboko, mtu mrefu, mpole, ambaye kanzu yake ilikuwa na mikunjo ya pasi hata safarini. Mkono wake wa kushoto ulibaki na vidole vitatu. Vingine viliondoka ujanani mwake, kwenye jineri ya kuchambua pamba, huko kusini. Filamu ikikatika, na zilikatika kila mara, aliiunga kwa wembe na gundi kwa vidole hivyo vitatu, na watu hawakuwahi kusubiri mpaka wachoke.

Kati ya riili zetu kulikuwa na moja kuukuu ya kuchekesha, isiyo na sauti kabisa. Tuliionyesha mara ya kwanza katika kijiji cha Adumi, na Afisa Habari alikuja mwenyewe. Akaninong'oneza, "Waambie hii inafundisha bidii ya kazi."

Basi nikaanza. "Ndugu zangu, mnamwona mfanyakazi huyu? Ni mvivu, na mvivu..."

Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akasimama. "Wewe nyamaza! Sisi iko na macho!"

Watu wakamshangilia. Nikamtazama Afisa, Afisa akatazama viatu vyake. Nikashusha kipaza sauti.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mtu mfupi aliyevaa aproni ndefu mpaka miguuni, kwenye kiwanda cha biskuti. Makopo yanakuja juu ya mkanda, yeye anayafunika vifuniko. Msimamizi anavuta mpini, mkanda unaongeza mwendo. Mtu mfupi anafunika kopo, anafunika kikombe cha msimamizi, anafunika kichwa cha mwenzake. Mwisho aproni inanaswa, mashine inamvuta ndani mzima mzima, halafu inamtoa upande wa pili akiwa amebandikwa karatasi ya biskuti kwenye paji la uso. Anasimama, anainua kofia, anarudi kazini.

Pale Adumi hakuna aliyewahi kuona kiwanda. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Tulipokuwa tunakunja shuka nikamwuliza yule mama kilichomchekesha.

"Huyo mutu iko kama mimi siku ya kupalilia," akasema. "Kazi inakimbia mbele, yeye anafuata nyuma. Wewe hujalima?"

Tangu hapo kila tulipofika tuliulizwa kama tumemleta mtu wa biskuti. Ni Ramadhani peke yake ambaye hakucheka. Kwa mashaka nikamwuliza siku moja tukiwa Ludara, tukinywa chai. Nilidhani filamu ile inamkumbusha jineri.

"Inanikumbusha," akasema. "Lakini huyu anatoka mzima, Drati. Watu wanajua mashine haitoi mutu mzima. Ndiyo maana wanataka kumwona tena na tena."

Afisa yule alihamishwa, akaja mwingine mkali, akasema serikali hainunui petroli ili watu wacheke. Tukaendelea na vyoo. Kisha vita vikaja. Mimi nilikimbilia Kongo na familia yangu, Ramadhani akaelekea Sudan na yake. Niliporudi Arua nilikuta gari la sinema limebaki bodi nyeusi tu, na ndani yake riili zilikuwa zimeyeyuka na kuwa kama lami.

Niliendelea na kazi ya kuongea. Mwenye kibanda kimoja cha video aliniajiri kufasiri sinema za ngumi, na kwa miaka mingi nilipiga kelele juu ya kelele za wapiganaji, mpaka koo likakataa. Nikastaafu nikarudi kwenye mihogo yangu. Wafanyabiashara waliotoka Koboko waliniambia Ramadhani amerudi, yu hai, ananisalimu. Nilijibu kila mara, "Mwambieni nitakuja." Kulikuwa na mavuno, kulikuwa na msiba, kulikuwa na goti langu. Nilijipa sababu hizo mwaka baada ya mwaka.

Kisha mjukuu wangu Driciru, ambaye ni fundi cherehani, alikuja kunitembelea, nikamsikia anacheka peke yake akiangalia simu. Nikachungulia. Alikuwa mtu wa biskuti, mdogo kama ukucha.

"Babu, unamjua huyu?"

Nilimwomba anipeleke Koboko wiki ile ile.

Ramadhani alikuwa amekaa barazani kwake. Nilimwamkia, akaitambua sauti yangu kabla sijataja jina. Nikamwekea simu mkononi. Akaipapasa, akanirudishia taratibu.

"Macho yameisha, ndugu yangu. Mwaka jana ningeona kidogo kwa hili la kulia."

Nikaanza kumrudishia Driciru simu. Ramadhani akanizuia. "Si wewe ni mfasiri? Sema."

Nikasema, kopo kwa kopo. Nilipofika kwenye mashine alinishika mkono. "Ngoja. Uso wake uko namna gani? Mimi kila siku nilikuwa naangalia projekta, filamu isikatike. Uso sikuuangalia vizuri."

Nikamwomba Driciru aisimamishe picha. Nilitazama muda mrefu. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nimesema maneno niliyopewa na wakubwa, na sasa nilitafuta yangu.

"Ni uso wa mtu anayedhani kosa ni lake," nikasema.

Ramadhani akatikisa kichwa. "Maskini," akasema. "Haya, endelea."

Alifariki kabla mtama haujavunwa. Siku hizi barabara ya Koboko ni lami tupu. Ukipanda gari Arua baada ya chai ya asubuhi, unafika jua halijawa kali. Sina tena mtu wa kumwendea huko.