Taa Mpya ya Tumbawe la Gerlinde

Gerlinde Pawlak aliendesha tramu mjini Bochum miaka thelathini na mmoja, na hakuna abiria aliyewahi kumbabaisha. Kilichokuja kumbabaisha ni balbu. Kiwanda kilichotengeneza zile zilizomulika tangi lake la kioo la maji ya chumvi kiliacha kuzitoa, na ya mwisho aliyobaki nayo ilishaanza kupepesa. Ndani ya tangi kulikuwa na tumbawe la buluu lenye matawi, pana kama sinia, alilolilea miaka kumi na tisa tangu likiwa kipande cha ukubwa wa kucha. Bila mwanga wa kulitosha, lingekufa.

Mwanga gani sasa? Kwenye chama chao cha wafuga matumbawe, kinachokutana kila Alhamisi chumba cha nyuma cha baa, watu wazima na akili zao wamenuniana mwaka mzima kwa ajili ya taa. Mwenyekiti, Uwe Brinkmann, ni mtu wa taa za tyubu, hasikii la mtu.

"Tyubu nane, Gerlinde. Mwanga unaenea sawasawa, hamna kivuli," alisema, mdomo umejaa saladi ya viazi.

"Halafu kila mwaka nibadilishe zote nane? Wee!"

"Na hiyo balbu yako je? Sebule imekuwa tanuri! Baridi yote huwashi hata hita."

"Si ndiyo raha yenyewe? Na maji yanameremeta hadi chini. Tangi lako wewe, ukiliangalia, utadhani umeingia ofisi ya kodi."

Chumba kizima kilicheka isipokuwa Uwe.

Jumamosi Gerlinde akafunga taa ya LED, kimyakimya, bila kumwambia mtu. Haikutoa joto, na tumbawe likang'aa rangi ambazo hakujua kama linazo. Ila aliiona hafifu. Balbu ya zamani ilikuwa ikimchoma macho, na hii ilitoa buluu ya upole tu. Basi akafanya kosa ambalo kila mfuga matumbawe huapa hatalifanya: akapima mwanga kwa macho yake. Akapandisha hadi asilimia mia.

Kufika Jumatano, tumbawe lilikuwa jeupe kama chokaa upande wote wa juu. Gerlinde, ambaye aliwahi kuwashusha mashabiki kumi walevi wa mpira kwenye tramu peke yake, alikaa chini akalia. Kuliunguza ameliunguza mwenyewe. Akampigia Uwe.

"Umeweka asilimia ngapi?"

"Mia."

"Mia! Jamani, Gerlinde! Buluu hiyo jicho halioni hata nusu, tumbawe linaipata yote! Shusha sasa hivi, nakuja."

Alifika na viatu vya bustanini. Aliinama mpaka pua ikaacha alama kwenye kioo.

"Limekufa?" Gerlinde aliuliza.

"Nyama bado ipo. Vijimea vya ndani vinavyolilisha ndivyo vilivyotoka. Vinaweza kurudi. Vinaweza visirudi." Kisha akatazama dirishani. "Hata ulivyoshusha bado ni kali. Hilo pazia la lesi, lete tulitilie kivuli."

"Pazia la marehemu mama yangu!"

"Chagua, mama."

Akachagua. Walilikunja mara nne wakalitandaza juu ya tangi, chini ya taa, na kila Jumapili wakaondoa mkunjo mmoja. Uwe alisema anakuja kukagua mikunjo, na kila alipokuja alimaliza nusu ya keki ya plamu. Dirisha likabaki tupu, mwanga wa buluu ukamwagika hadi barabarani, na jirani wa chini akapanda kuuliza, kwa adabu kabisa, kama Bi Pawlak analima bangi kwa taa hiyo.

"Bado ni miche," Gerlinde akamjibu. "Nikivuna nitakuita."

Jumapili ya nne waliondoa mkunjo wa mwisho. Uwe alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Kwenye ncha ya tawi la juu kulikuwa na nukta ya buluu, ndogo kuliko punje ya mtama. Pembeni yake nyingine. Gerlinde alizihesabu kwa sauti hadi kumi na saba.

Akaenda jikoni, akarudi na koleo ndogo ya kukatia. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kumkatia mtu hata kijitawi, na chama kizima kilimsema kwa uchoyo huo. Akaingiza mkono majini hadi kwenye kiwiko, akavunja tawi zima la upande wa chini, ambalo halikuguswa na janga, akalitia kwenye mfuko wa maji.

"Liweke chini ya tyubu zako," alimwambia Uwe. "Siku nikifanya ujinga tena, liwepo kwako."

Uwe aliupokea mfuko kwa mikono miwili. Keki hata hakuigusa, akaondoka mbio kabla maji hayajapoa.