Irio za Wageni

Miaka ya sabini, mimi na mke wangu tulikuwa tukikodishia watu wa likizo nyumba mbili za mawe kule Mweiga. Walijipikia wenyewe. Ati likizo, na mtu anapasua kuni. Mama yangu aliona ni aibu mgeni kujipikia kwako, kwa hivyo kila Jumamosi aliwapelekea sufuria ya irio, viazi vilivyopondwa na mahindi na njegere. Walishukuru, wakaondoka Jumapili bila kuigusa.

Sisi tulibaki kufua mashuka na kuzoa majivu, mpaka tukakosa nguvu ya kuwasha jiko letu. Tuliketi sakafuni tukala zile irio baridi.

“Walikula?” mama aliniuliza siku moja.

“Walimaliza yote.”

Alitazama doa la irio kwenye shati langu. Wiki iliyofuata alileta sufuria Jumapili, wageni wakiwa wameshaondoka, ikiwa moto.