Maneno ya Chumba cha Chai

Kiwandani walimwita Mama Vifungo, maana kazi yake ilikuwa kushona vifungo vya mashati, na mdomo wake wenyewe haukuwa na hata kimoja. Saa ya mapumziko, wanawake walipojazana kwenye chumba cha chai, yeye ndiye aliyewachekesha. Alimwiga msimamizi anavyotembea kama bata mwenye haraka, mpaka watu wakapaliwa na chai.

Kisha fundi umeme, alipopanda kubadilisha taa, akakuta kinasa sauti kimefichwa darini. Kumbe meneja alikuwa akiwasikiliza siku zote, apate kujua nani anachochea mgomo. Magazeti yakalivalia njuga jambo hilo, na Bunge likaunda kamati ya kuchunguza waajiri wanaopekua faragha za watu. Wafanyakazi wakaambiwa watoe shahidi. Macho yote yakamgeukia Mama Vifungo.

Naye alifurahi, tusifiche. Alisuka nywele, akaazima viatu vya jirani. Karani wa kamati alipomweleza kwamba rekodi moja yenye sauti yake ingesikilizwa hadharani, kama hana pingamizi, alijibu bila hata kuomba aisikie kwanza.

"Wekeni tu. Taifa zima lisikie walivyotufanyia."

Alidhani ni ile ya bata.

Asubuhi ya kwenda bungeni alimwogesha mavyaa wake kama kawaida. Bibi huyo alikuwa amepooza upande mmoja, na yeye, mke wa mwanawe, ndiye aliyemlisha, akamgeuza, akamfulia. Alipomaliza, alimwekea redio karibu na mto.

"Nitakusikiliza, mwanangu," bibi alisema. "Usiwaogope. Sema waziwazi."

Ukumbini mwenyekiti wa kamati alimkaribisha kwa heshima, akaamuru rekodi iwekwe. Vikombe vikagongana, mtu akakohoa. Kisha ikasikika sauti yake mwenyewe, kali kuliko alivyopata kuijua:

"Shoga, nimechoka mimi! Kikongwe hafi wala haponi. Kutwa mimi na mavi yake, na mwanawe amekaa sebuleni anauliza chakula. Mungu angemchukua tu, naye apumzike, nami nipumzike."

Ndani ya rekodi wanawake waliangua kicheko. Ukumbini hakucheka mtu.

"Hii ni sauti yako, mama?" mwenyekiti aliuliza kwa upole.

"Ni yangu."

"Mnaona, waheshimiwa! Wameingia mpaka vyumbani mwa watu!" Mwenyekiti alikuwa na uchungu wa kweli, hata sauti ilimtetemeka. Mama Vifungo alimsikia kwa mbali. Akili yake ilikuwa kwenye redio iliyo karibu na mto. Maswali yaliyofuata aliyajibu ndiyo na hapana, hata pale alipotakiwa kueleza.

Njiani kurudi hakujua auweke wapi uso wake. Dukani kwa jirani maongezi yalikatika alipopita. Mumewe alikuwa mlangoni. Alimpisha tu, bila salamu. Chumbani alimkuta wifi yake, dada wa mume, ambaye kwa kawaida alifika kusalimia na kuondoka. Leo alikuwa amekunja mikono, beseni miguuni.

"Pumzika, wifi," alisema bila kugeuka. "Si ulitaka kupumzika?"

Mama Vifungo alisimama palepale, viatu vya watu miguuni. Bibi akamwomba binti yake atoke kidogo. Kisha akauliza, polepole kwa ule ulimi wake mzito:

"Ulisema, mwanangu?"

"Nilisema, mama."

"Siku hiyo nilikuwa nimekukosea nini?"

Hapo ndipo aibu ilipomshika hasa. Mbele ya waheshimiwa ilikuwa imemchoma usoni tu. Sasa iliteremka mpaka magotini, akakaa sakafuni. "Hukunikosea kitu, mama. Nilichoka tu."

"Ungeniambia mimi," bibi alisema, akaugeukia ukuta. "Na mimi nimechoka."

Kamati ilimaliza kazi yake. Meneja alifukuzwa, sheria ikapitishwa, na wenzake kiwandani walimpigia makofi Mama Vifungo kama shujaa. Aliyapokea ameinamisha kichwa. Kwenye chumba cha chai, ingawa dari ilikuwa safi, watu walikunywa kimya.

Wifi alivumilia siku chache, kisha akakumbuka kwamba naye ana nyumba yake. Kazi ikarudi kwa mwenyewe. Bibi hakukataa kuoshwa naye. Ila sasa, kila alipogeuzwa, alisema asante. Akipewa maji, asante. Akibadilishwa shuka, "Asante, samahani kwa usumbufu," kama mgeni anayeogopa kuchokwa.

Asubuhi moja Mama Vifungo alishindwa kuvumilia. "Mama, nakuomba, usiwe unaniambia asante."

"Nikuambie nini basi, mwanangu?"

Alikamua kitambaa, akaendelea kumwosha bega.