Siku Baraza Zima Liliposhuka Sokoni

Siku moja naikumbuka kana kwamba ni jana asubuhi, mwanangu. Ilikuwa miaka ya tisini, vyama vingi vilikuwa vimerudi juzi tu, na mimi Chelangat, mwalimu wa nasari ambaye sikuwa nimefikisha miaka thelathini, nilikuwa nimechaguliwa diwani. Diwani mwanamke! Katika mji wetu mdogo, uliozungukwa na majani chai pande zote, jambo hilo halikuwa limewahi kuonekana. Mama yangu aliimba mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya kikao changu cha kwanza nilifika kabla ya askari kufungua mlango. Nilivaa koti jipya, nikakalia kiti chenye mto, na kila aliyepita aliniita Mheshimiwa. Wewe ndiyo kwanza umechaguliwa, hujaitwa Mheshimiwa bado, kwa hivyo hujui lile neno linavyolewesha. Tulipewa karatasi nyingi za Kiingereza kigumu: leseni za biashara, ushuru wa soko, takataka, mabomba ya maji, ardhi. Nilizipanga vizuri mbele yangu. Kuzisoma, sikuzisoma.

Ikafika hoja ya saba. Diwani mmoja mwenye sauti nzito, nitamwita Mheshimiwa Sauti tu maana wajukuu wake wako hai, alisimama akaomba ardhi fulani ya umma ibadilishwe matumizi na kugawanywa ploti za maduka. Akataja nambari ndefu. Akasema mapato yake yataweka taa za barabarani mji mzima. Mimi nilisikia taa peke yake. Moyo wangu ukaruka. Mwenyekiti alipouliza nani anaunga mkono, nilikuwa nimesimama tayari.

"Naunga mkono, Bwana Mwenyekiti!"

Walinipigia makofi, mwanangu. Sauti yangu ya kwanza barazani, na makofi! Nikatoka pale nikielea.

Nilienda moja kwa moja sokoni kuwapasha habari kina mama. Aliyekuwa mkubwa wao alikuwa Kogo Taprandich, bibi aliyeuza mursik, maziwa yetu ya kuganda, katika vibuyu tangu mimi nikiwa mtoto mchanga. Kando yake alikaa Bosibori, mama wa ndizi kutoka upande wa Chepilat. Nyakati hizo kulikuwa na maneno mabaya kati yetu Wakipsigis na Wagusii wa upande wake, lakini hawa wawili walikuwa wakikalia gunia moja.

"Mtapata taa!" nikawaambia. "Nimeunga mkono leo!"

Bosibori alipiga kigelegele. Kogo hakupiga. Aliniuliza, "Hizo ploti ziko wapi?"

"Kuna nambari yake, Kogo."

"Nambari si mahali. Iko wapi?"

Sikujua. Nikacheka kidogo, nikaaga.

Siku mbili baadaye nikaitwa mbio. Wapima ardhi walikuwa wamefika na nyundo zao, wanapigilia bikoni, vile vyuma vya mpaka, katikati ya soko, kati ya viazi na kabeji. Kile kiwanja tulichosimama juu yake ndicho kilikuwa ile nambari. Kogo Taprandich alikuwa ameketi karibu na bikoni moja. Nilipofungua mdomo kujitetea, alinikatiza kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko kofi.

"Chelangat, ule mkono uliinua ilikuwa ya nani?"

"Wangu, Kogo."

"Hapana. Yako ni ya kupika na kuchana nywele. Ile ya barazani ni yetu, sisi wote. Sisi tunalipa ushuru kila siku ya soko na hatuna hata choo. Sasa umepeana mahali petu pa kukaa, na hujui kama umepeana."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nililia pale pale mbele ya wateja, koti jipya na yote. Kogo aliniacha nilie kidogo, kisha akasema, "Basi. Machozi haiondoi chuma kwa udongo. Enda uulize wenye kujua."

Nikaenda kwa karani wa baraza, mzee mmoja mkimya aliyevaa sweta mbili kwa ajili ya baridi yetu. Nilimwambia ukweli wote. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Mheshimiwa, tangu nianze kazi hii, wewe ndiye diwani wa kwanza kuniuliza sheria inasema nini." Akanionyesha: hoja ya ardhi haijakamilika mpaka wananchi wapewe nafasi ya kuleta pingamizi, na baraza likutane tena kuzisikiliza. Tangazo lilikuwa limebandikwa, ndiyo. Lakini lilikuwa nyuma ya mlango, na mlango ulikuwa ukikaa wazi mchana kutwa.

Hapo ndipo damu yangu ilipochemka! Sijawahi kutembea hivyo maishani. Mimi, Kogo na Bosibori tulizunguka vituo vya kununua majani chai siku za kuchuma, wakulima wakiwa kwenye foleni na vikapu mgongoni. Tulisimama nje ya makanisa Jumapili. Nilisoma tangazo kwa Kiswahili, Kogo akalirudia kwa Kipsigis, Bosibori akawaeleza watu wake kwa Ekegusii. Aliyejua kuandika aliandika jina lake kwenye barua ya pingamizi, asiyejua aliweka dole gumba. Kidole kimoja hakivunji chawa, mwanangu, lakini vile vilikuwa vidole vya mji mzima.

Kikao kilipofika ilikuwa siku ya soko. Niliweka zile barua za pingamizi mezani, nikasimama.

"Bwana Mwenyekiti, hoja hii niliiunga mkono bila kuisoma. Nilikosa. Naomba msamaha kwa baraza na kwa wananchi."

Wakacheka. Mheshimiwa Sauti akasema, "Jana kijani, leo nyekundu! Tumeletewa kinyonga." Wakacheka zaidi.

Sikujua neno lifuatalo lilitoka wapi. "Basi kabla ya kura, naomba tutembee. Ardhi yenyewe iko hatua chache kutoka hapa. Kila mmoja wetu aikanyage kwanza, ndipo ainue mkono."

Karani akanong'ona kwamba hakuna sheria inayokataza. Mwenyekiti akakuna kichwa, akainuka.

Na baraza zima likashuka sokoni! Ungeona, ungeruka. Madiwani na suti zao kwenye tope la mvua ya jana, wakiinua suruali, wakiruka madimbwi, watu wakiacha biashara kutazama. Mwenyekiti alipewa mursik, akanywa, akaomba tena. Mheshimiwa Sauti alitangulia akielekeza kwa fimbo, "Kutoka bikoni hii mpaka ile," na fimbo ikasimama hewani. Kando ya bikoni ya pili alikuwa ameketi mama yake mzazi, akipanga mafungu ya managu.

"Kumbe ni wewe," mama akasema. Basi. Akaendelea kupanga mboga.

Tulirudi ukumbini viatu vikiwa vizito. Mwenyekiti akauliza kura. Mkono wa kwanza kupinga hoja ulikuwa wangu, wa pili ukafuata, wa tatu, na wa mwisho, polepole, kama mtu anayeinua gunia, ukawa wa Mheshimiwa Sauti mwenyewe. Nje vigelegele vilivuma mpaka mabati yakatetemeka. Bikoni zikang'olewa jioni hiyo hiyo, na kabla mwaka haujaisha tulipitisha kwamba ushuru wa soko utumike kwanza kujenga choo na kuweka bomba la maji pale pale unapokusanywa. Taa zilikuja baadaye. Hazikumfukuza mtu.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kukubali usichokijua kwa sababu wenzako wanapiga makofi. Karatasi ya ardhi isome, na ikiwa ina nambari, nenda ukakanyage hiyo nambari kwa miguu yako. Anayelipa ushuru muulize anahitaji nini kabla hujamwamulia. Na ukikosea, maana utakosea, sema nimekosa ungali umesimama mbele ya wale wale waliokuona ukikosea. Watakucheka. Vumilia wacheke.

Mungu akupe masikio marefu kuliko ulimi. Akupe watu wa kukuambia ukweli, na moyo wa kuwapenda wakishakuambia. Mkono wako ukiinuka, uinuke na baraka za wengi, na mashamba yako yawe kijani mvua ikija na isipokuja.

Nenda salama, mwanangu.