Ng'ombe Ndani ya Sindano

Kila nikinusa zafarani iliyolowa kwenye marashi ya waridi, mkono wangu wa kushoto husisimka. Harufu hiyo hunirudisha nyumbani kwetu, mtaa wa Bondeni, asubuhi ya kuchanjwa surua shuleni, Bibi akinishika kidevu ninywe kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha zikaoshwa kwa marashi, ziwe kinga.

Nilikunywa, nikaanza kulia. Jana yake mwalimu wa Kiingereza alikuwa ametufundisha kitenzi "vaccinate". Alisema asili yake ni Kilatini, "vacca", yaani ng'ombe, kwa kuwa chanjo ya kwanza ilitolewa kwenye vidonda vya ng'ombe mgonjwa. Kengele ikalia kabla hajatuambia kwamba hayo ni mambo ya kale. Tulitoka kama watu wa mazikoni, isipokuwa Zuhura, niliyekaa naye dawati moja.

"We kesho utaota pembe! Tutakufunga uwanjani Makadara ule majani."

Msinicheke: pembe sikuziogopa sana. Niliogopa damu ya huyo ng'ombe mle sindanoni. Chuoni, tulikosomea Kurani, tulifundishwa kuwa damu ni haramu, nami tumboni nilikuwa na maneno ya Mungu. Vikikutana humo ndani, niliamini, nitakufa papo hapo.

"Walilia nini, mwanangu?" Bibi akauliza.

Nikamweleza yote, ng'ombe na Kilatini chake.

"Ijumaa umekula pilau ya nyama sahani mbili. Uliota pembe?"

"Ile ilichinjwa, Bibi."

Akacheka kidogo. "Haya. Kombe ni sababu, na sindano ni sababu. Mponyaji ni Mungu. Vaa viatu."

Shuleni, uani kulinuka spiriti. Kila aliyetangulia alipopiga yowe, nilizidi kumng'ang'ania Bibi, aliyesimama nami kwenye foleni. Muuguzi, mama mmoja wa bara, aliniambia, "Legeza mkono, mrembo." Hapo Bibi akanikamata bega kwa nguvu hata sikujua sindano iliingia lini. Nilimkasirikia. Aliyekuwa akinicheka nyumbani mbona sasa aniumize kuliko muuguzi?

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikimtayarisha binti yangu kwenda kuchanjwa, mama yangu aliniambia jambo ambalo Bibi hakuwahi kulitaja. Kabla ya kumzaa yeye, Bibi alikuwa na wavulana wawili. Surua iliwachukua wote, mmoja akimfuata mwenziwe.

Nami siku zote nilidhani kwamba katika foleni ile mwoga nilikuwa mimi peke yangu.