Nilimhukumu mama wa watoto wangu kwa orodha niliyoichungulia kwa siri

Admin, tafadhali usiweke jina langu, maana ndugu wa mke wangu wanafuata ukurasa huu. Nina miaka 38, naishi Kolwezi, nina mke na watoto watatu. Kazi yangu ni kuangalia kompyuta na Wi-Fi katika ofisi ya kampuni inayobeba mawe ya shaba. Naandika nikiwa na aibu, na mkitaka kunitukana, tukaneni tu.

Mke wangu, Mama Gloria, ni mshonaji. Simu yake watoto walikuwa wanaichezea, na siku moja nikamkuta mtoto wetu wa pili anatazama picha chafu. Nikaingia kwenye mipangilio, pale palipoandikwa DNS privé, nikaweka huduma ninayoiendesha mimi. Kwa wasiojua: kabla simu haijafungua tovuti yoyote, inauliza kwanza anwani yake, na DNS ndiyo inayojibu. Anayejibu anaweza kuzuia mabaya. Ningeweza kurekebisha Wi-Fi ya nyumbani tu, lakini nilitaka ulinzi uifuate simu popote, iwe kwa data ya laini, iwe kwa Wi-Fi ya kanisani au ya jirani. Mpaka hapo nia yangu ilikuwa njema.

Ila huduma ile inaweka pia orodha ya kila jina ambalo simu imeuliza. Sikumwambia mke wangu. Nikaanza kuisoma kazini wakati wa chai, kidogo kidogo, mpaka ikawa ulevi. Alikuwa kwa dada yake, nilijua simu inauliza nini. Alikuwa mazoezi ya kwaya, nilijua. Sikuona ubaya wowote kwenye orodha, na bado niliendelea kuchungulia. Mwenye wivu hakosi cha kuokota.

Nikaokota. Jina la tovuti ya kutafutia wachumba, mara nne kwa siku moja. Kesho yake tena. Badala ya kumuuliza tukiwa wawili, nilimwita baba yake mdogo na wazee wawili wa kanisa, Jumapili baada ya ibada, tukakaa uani kwangu. Nikasema mke wangu anatafuta wanaume kwenye simu.

Alisimama na sahani ya wageni mkononi. "Papa Gloria, ile mambo unasema, njo mi nilifanyaka? Nani alikuambia?"

"Niko na bashahidi," nikajibu. Uongo mtupu. Niliona haya kusema kwamba namchungulia.

Baba yake mdogo akamwambia, "Mwanangu, bibi mwenye akili anaombaka pardon, maneno inaisha."

"Tata, siwezi kuomba pardon ya kitu sikufanya."

Walichukua kukataa kwake kuomba msamaha kuwa ni kiburi. Kwetu mke akishindwa kusuluhishwa na mumewe anarudishwa kwa wazazi kwanza, akafundishwe. Wakampeleka Tenke kwa baba yake. Kwaya ikamwondoa bila hata kumuuliza. Gloria, mwenye miaka kumi, ndiye anayewafunga wadogo zake viatu asubuhi.

Wiki tatu zikapita. Ofisini kwetu kuna mama mpishi, mtu mzima, mjane. Mkuu wangu akaniita akiwa amekasirika: kwenye orodha ya Wi-Fi ya ofisi, simu ya yule mama inaita tovuti za wachumba. Nikamwomba mama simu yake. Alikuwa anasoma ukurasa wa maombi ya asubuhi. Nikaufungua ukurasa uleule kwenye simu yangu mbele ya mkuu, na papo hapo majina yakamiminika kwenye orodha, la wachumba likiwemo. Ni matangazo. Ukurasa ukifunguka, simu inauliza anwani za matangazo yake yote, hata usipogusa chochote. Nikacheka, nikasema, "Patron, mama haina kosa, njo bapublicité tu."

Mkuu naye akacheka. Mimi kicheko kilinikauka mdomoni. Nilienda chooni, nikafungua ukurasa wa mitindo ya vitenge ambao mke wangu anauangalia kila siku kwa ajili ya wateja wake. Jina lilelile nililolikuta kwenye orodha ya mke wangu likatokea, mara nne. Nililia mle chooni.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Mpaka leo sijamwambia mtu. Baya zaidi, ile DNS bado iko kwenye simu yake. Yuko Tenke, kwa mtandao mwingine kabisa, na mimi kila asubuhi naangalia orodha ili nijue ameamka. Najua ni vibaya, na bado naangalia.

Jana baba mkwe alinipigia kwa furaha. "Mwanangu, bibi yako ameitika. Samedi tutamuleta, atapiga magoti mbele ya batu bote, na kwaya itamurudisha."

Nikasema, "Asante, tata." Nikakata.

Nikinyamaza, Jumamosi mke wangu anarudi, watoto wanampata mama yao, na yeye anabaki mwenye dhambi maisha yake yote. Nikisema, kila mtu atajua nilimchungulia na nikadanganya wazee wa kanisa. Namjua baba yake, anaweza kumchukua moja kwa moja, na watoto pia. Naogopa, ndugu zangu. Mimi ndiye niliyekosa na ndiye ninayeogopa.

Leo mchana mke wangu amenitumia ujumbe wa sauti. Anaongea polepole, hana hasira hata kidogo. Anasema: "Papa Gloria, mi sijue kosa yangu iko gani, lakini nitaomba pardon juu ya batoto. Uniandikie tu maneno ya kusema, nisikosee mbele ya batu."

Bado sijamjibu. Nishaurini, nimwandikie nini?